Kamba ya Bwana Chapa

Jina lake ninalo. Liko nyumbani kwangu, ndani ya kopo la biskuti juu ya kabati, limefungwa kamba ya katani, na sitaliandika hapa. Nachingwea nzima ilimwita Bwana Chapa, naye aliitika, basi nami nitamwita hivyo hivyo.

Kibanda chake kilipakana na mgahawa wangu. Mimi nilikuwa nauza chai na vitumbua, yeye alikuwa anachapa kadi za biashara na karatasi za barua, na kati yetu palikuwa na ukuta wa mabati tu. Akikohoa nilijua kama ni vumbi au ni baridi. Mashine yake ikifanya kazi, vikombe vyangu vilitetemeka mezani, na wateja wageni walidhani ardhi inatikisika. Nilimjua tangu siku za Karanga, Wazungu walipokuja na matrekta kung'oa misitu ili walime njugu za dunia nzima. Siku hizo zikaisha, Wazungu wakafunga mizigo, na mashine ya chapa haikupata mtu wa kuibeba. Wengine walisema Bwana Chapa aliinunua kwa bei ya chuma chakavu. Wengine walisema ilisahauliwa tu, na yeye akasahauliwa pamoja nayo.

Alikuwa mrefu, mkavu, mabega yameinama kwa kuishi juu ya meza, na kucha zake zilikuwa nyeusi mwaka mzima. Lakini Ijumaa alivaa kanzu nyeupe pe, na mimi niliyepambana na masizi maisha yangu yote sikupata kujua aliivaaje bila kuichafua. Ramadhani alifunga yote. Mwezi huohuo ungemsikia nyuma ya mabati anaimba kwa pua nyimbo za misheni, na akijigonga kidole anatukana kwa Kimakua. Siku moja nikamtania, "Bwana Chapa, hivi wewe dini yako ipi hasa?" Akamaliza chai yake kwanza. "Ukitaka kujua dini ya mtu, Mama Zuhura, ngoja azikwe." Alisema huku anacheka. Mimi sikucheka.

Mazungumzo yake mengi yalikuwa na mkia wa namna hiyo. Mlikuwa mnaongea habari ya ufuta au ya mvua, ghafla anatupa neno linakutia baridi ya mgongo, kisha anaomba kitumbua kingine.

Mteja akiingia kutaka kadi, hakumuuliza jina wala kazi. Alimuuliza, "Unataka kumpa nani?" Wengi walibaki wanatazamana na kuta. Walikuwa wameona kadi mfukoni mwa mtu fulani, wakatamani, basi. Bwana Chapa alikuwa anawaketisha kwenye kasha, anawawekea karatasi mapajani, wazishike. Nyembamba aliwapa makarani. Nene, ngumu kama gamba la muhogo, aliwapa wanunuzi wa ufuta, kwa sababu mikono ya wanunuzi wa ufuta ina mafuta na jasho, na kadi nyembamba ingelainika kabla haijamfikia mtu. Aliwazuia kuandika mengi. "Kadi ikisema yote," alikuwa anasema, "wewe utaongea nini ukifika?" Wino mwekundu alikuwa nao, akautumia kwa picha na mistari, lakini jina la mtu hakulichapa kwa wekundu hata umpigie magoti.

Picha zake zilikuwa za kuachiwa na Karanga: trekta, taji, ng'ombe na garimoshi. Alikuja fundi baiskeli kutoka Nkowe, mtu wa maneno mengi, akataka kadi yenye baiskeli. Bwana Chapa akamwonyesha garimoshi.

"Hili si baiskeli," fundi akasema.

"Magurudumu yapo."

"Lakini moshi?"

"Wewe ukipanda mlima wa kwenu hutoi moshi?"

Fundi akacheka, akazichukua. Muda mrefu baadaye watu wa Nkowe walikuwa wanamuuliza reli itawafikia lini, naye akawa anawajibu kama mtu mwenye habari za ndani. Kumbukumbu ile bado hunichekesha, nami naitaja kwa sababu kibanda kile hakikuwa na kicheko kingi.

Jambo jingine, hakupenda watu waandike mahali wanapokaa. "Mahali pana miguu," alisema. Aliniapia kwamba amechapa karatasi za wakubwa wa Karanga zenye vichwa vikubwa, majina ya idara, majina ya mitaa ambayo haikuwahi kujengwa. Hilo halikuhitaji kiapo, maana karatasi hizo nilikuwa nazo mimi. Wakubwa walipoondoka waliacha marobota ya karatasi za barua, safi upande mmoja, nami nikafungia vitumbua miaka na miaka. Watu wa Nachingwea wamekula kwenye vichwa vya idara zote. Bwana Chapa peke yake alikuwa anaikunja karatasi, kichwa kikaingia ndani, ndipo ale. Nilimuuliza kisa. Akasema hapendi kula huku anatazamwa na walioondoka.

Mwenyewe hakuwa na kadi. Kibao cha mlangoni pia hakikuwa na jina, kiliandikwa CHAPA, basi. Nikamwambia kinyozi hajinyoi. Akanijibu kwamba anayejinyoa hukata sikio.

Sasa nieleze rafu yake, maana ndiyo iliyomtia mtu huyu katika midomo ya watu.

Ukitaka kadi, alipanga jina lako kwa herufi ndogo za risasi, moja baada ya moja, kinyume, kisha akalizungushia kamba ya katani lisimwagike. Akishachapa, hakuzirudisha herufi kwenye sanduku. Aliliweka fungu lako rafuni, limefungwa vilevile, ili ukirudi kutaka kadi nyingine asipange upya. Ndivyo wapiga chapa wanavyofanya, nadhani. Lakini herufi zake zilikuwa zimeletwa kwa ajili ya Kiingereza, na Kiingereza hakina haja kubwa ya K wala W. Sisi bila K hatuwezi hata kuomba kikombe cha chai. Kwa hiyo kila jina lililolala rafuni lilimpunguzia riziki, akaanza kuchonga K za mti wa mpingo kwa kisu, na ukizitazama kwenye karatasi utaziona nyeusi kuliko wenzake, zimeinama kidogo kulia.

Fundi cherehani mmoja wa Ruangwa alichapiwa kadi nyingi kuliko mtu yeyote. Bwana Chapa alimuuliza, "Utajuana na watu wote hawa?" Akasema inshallah. Hakumaliza hata bunda la kwanza, homa ikamchukua. Asubuhi ya habari hizo niliona mlango wa kibanda uko wazi kabisa, na Bwana Chapa ameketi mlangoni na fungu la marehemu mapajani. Akalifungua kamba. Akaziosha herufi kwa mafuta ya taa, akazifuta kwa kitambaa, akazirudisha kila moja kwenye chumba chake. Nilipomuuliza akasema, "Mwenyewe amelala. Na herufi zikapumzike."

Ikawa ndiyo desturi yake. Mtu akifa, fungu linafunguliwa mchana, mlango wazi. Hapakuwa na ubaya. Ubaya ulikuja na mnunuzi wa ufuta wa Mandawa.

Huyu alikuwa amehama, hatumwoni tena sokoni, na Bwana Chapa alikuwa na kazi kubwa mkononi bila K ya kutosha. Akatoa fungu la yule mtu, akalifungua. Mimi nilikuwepo, nilikuwa nimempelekea chai. Hazikupita siku nyingi, lori likaja na habari kwamba lori jingine limepinduka mtoni, na yule mnunuzi alikuwa juu ya magunia. Bwana Chapa aliposikia aliketi chini pale pale mbele ya mgahawa wangu, kwenye vumbi, na suruali yake nzuri. "Nilikosa K," alisema. "Mama Zuhura, wewe uliona. Nilikosa K tu."

Niliona, na nilisema hivyo kwa kila aliyeuliza. Nani alisikia? Toka siku hiyo watu wakipita walichungulia rafuni. Mtu mwenye kadi akiumwa kichwa, mkewe atakuja kunywa chai kwangu bila kiu, macho yake kwenye ufa wa mabati. Wengine walimletea Bwana Chapa kuku na asali asisahau kwamba wao wazima. Yeye alikuwa anawacheka. "Kamba ni kamba," alisema. Lakini mimi jirani nilimwona: akikata kamba mpya, midomo yake ilikuwa inasoma kitu, na fungu la mtu aliye hai hakuligusa tena hata afe njaa.

Mimi si mtu wa ushirikina. Mama yangu alinilea na maji ya kisima na Kurani, basi. Nataka hilo lijulikane kabla sijaendelea.

Mume wangu, Bakari, alikuwa seremala. Alifungua karakana yake pamoja na Hassani, mtoto wa dada yake Somoe wa Kiegei. Hassani hakuwa mtoto wa kutumwa msumari, alikuwa mwanaume mwenye ndevu na mke. Miti ya mninga wameiangusha wote, msumeno mmoja, huyu huku na yule kule. Basi ikatokea Bomani wanataka madawati ya shule, na karani wa Bwana Shauri akamnong'oneza Bakari kwamba barua za karatasi ya mistari zinawekwa chini ya fungu. Zinazosomwa ni zile zenye kichwa cha chapa. Bakari akanijia mbio, aproni haijavuliwa. Tukaingia wote kibandani.

Alikuwa ameshaamua. Alikwenda Lindi zamani kidogo, akaona kibao cha duka kubwa la Kihindi, fulani na Wanawe, na maneno yale yalimkaa rohoni. Akamwambia Bwana Chapa, "Andika: Bakari na Wanawe, Maseremala, Nachingwea."

Bwana Chapa alikuwa na penseli. Akaiweka chini.

"Wanawe gani?"

"Wanangu. Hawa vijana wa Mama Zuhura."

"Na Hassani?"

"Hassani ni mpwa wangu."

"Ndiyo. Ndiyo maana nauliza."

Kwa msomaji asiye wa kwetu, nieleze. Kwetu mtoto ni wa tumbo la mama yake. Watoto wa mwanaume ni wa ukoo wa mkewe, wana wajomba zao. Wake yeye, wa kumrithi jina na shoka na kumshusha kaburini, ni watoto wa dada zake. Ndivyo tulivyokuta. Mwalimu wa msikitini anasema mtoto humrithi baba, na sisi Waislamu tunaitikia, kisha tunarudi nyumbani tunafanya kama bibi zetu walivyofanya. Mambo hayo mawili yalikaa pamoja bila kugombana kwa sababu hakuna aliyeyaandika sehemu moja.

Bwana Chapa alijaribu, Mungu ni shahidi. Alimwambia aweke "na Ndugu". Akamwambia aweke "na Jamaa zake". Akamwonyesha jinsi jina moja linavyopendeza likikaa katikati peke yake, nafasi nyeupe pande zote. Bakari akawa anatikisa kichwa.

"Mwalimu ametufundisha," Bakari akasema, "mali ya baba ni ya mtoto."

"Mwalimu kasema kweli. Lakini maneno ya mwalimu yanaishia msikitini. Karatasi hii itafika Kiegei."

"Dada yangu hajui kusoma."

"Asiyejua kusoma husomewa, Bakari. Na anayesomewa husikia zaidi."

Bakari akanigeukia. Na mimi, je? Moyoni nilikuwa nafurahi. Ni wanangu wale, mama gani hapendi kuwaona wanawe wakipigwa chapa? Nikasema karatasi ni ya mwenye karakana. Bwana Chapa akavuta sanduku la herufi. Alipofika kwenye jina la Bakari akakosa K ya risasi, akaweka ya mpingo. Alipomaliza kuzungusha kamba alisema, bila kumtazama yeyote, "Nimeifunga. Atakayeifungua simjui."

Karatasi zilitoka nzuri, hilo nisiwe mchoyo kulisema. Kichwa cheusi, mstari mwekundu chini yake, nafasi pana ya maneno. Bomani wakajibu. Madawati wakapewa, na Hassani akayachonga pamoja na mjomba wake bila kuziona karatasi zile, maana Bakari aliziweka chumbani.

Kosa likafanywa na furaha. Sikukuu ya Idi ilipokaribia, Bakari akamwandikia dada yake salamu, akampa dereva wa lori barua pamoja na kitenge. Akaiandika kwenye karatasi gani? Kwenye ile ile. Alitaka dada yake ajivunie.

Kijana wa shule aliyepewa kazi ya kuisoma huko Kiegei alianza kwa kusoma kichwa, kama walivyofundishwa. Hakufika kwenye salamu.

Wifi Somoe alikuja Nachingwea kwa miguu. Hakupiga hodi. Aliketi chini, nje, miguu ameinyosha, kama wanavyoketi wanawake msibani, na kitenge kilekile cha Idi amekiweka kando kimekunjwa. Nikamletea chai, hakuipokea. Bakari akatoka karakanani na vumbi la mbao kichwani.

"Dada, kulikoni?"

"Nimekuja kuhani."

"Kuhani nani?"

"Mwanangu. Nimesomewa kwamba hayupo."

Hassani alikuwa amesimama nyuma, na randa mkononi. Alitaka kuona karatasi. Ikaletwa. Akaisoma taratibu, kidole chini ya kila neno, akarudia. Kisha akairudisha randa mezani, akaifuta vumbi kwa shati lake, akaigeuza ulimi juu usibutuke, akaondoka na nguo alizovaa. Tulisikia baadaye yuko Mtwara, anafanya kazi bandarini. Wifi Somoe naye, kabla ya kurudi kwake, alisimama akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hiki mlichokichapa, mpaka chapa iseme vingine, mimi na tumbo langu hatuvuki mlango huu. Kwa arusi wala kwa maiti."

Kama hilo halikutosha, kaka yangu naye akaja juu kutoka Nkowe, mishipa imemsimama. "Wapwa zangu mmewachapa kwa nani?" Kwake yeye tulikuwa tumemwibia. Karatasi moja, na koo mbili zimetugeuzia mgongo. Bakari akasema watapoa. Alikuwa mtu wa shingo ngumu, na mimi nilimpenda kwa shingo hiyo hiyo. Aliendelea kuandikia karatasi zile, na kila alipozitumia niliona mikono yake ikichelewa kidogo juu ya kichwa.

Miaka ikaenda. Hawakupoa. Arusi ya Zuhura wetu ilipita bila ndugu hata mmoja wa baba yake, tukajifanya hatuoni. Kisha tumbo la Bakari likaanza kujaa. Hospitali ya misheni walimlaza, wakamtoa maji, wakamlaza tena, mwisho wakaniambia nimrudishe nyumbani alale kitandani kwake. Kitanda alikichonga mwenyewe. Na Hassani.

Alasiri moja, amelala anatazama dari, akaniuliza, "Randa ya yule kijana bado ipo mezani?" Nikamwambia ipo. Nilimjua mume wangu, nikaelewa ameomba alichoweza kuomba. Nikavaa nikaenda Kiegei. Nilikuwa naogopa, nasema wazi: mwanaume asiyeshushwa na wapwa zake huku kwetu huzikwa kama mpita njia, na wanangu wangeitwa wezi mpaka wajukuu zao.

Wifi Somoe alinipokea vizuri, akanipa maji, akalia alipoambiwa hali ya kaka yake. Lakini neno lake halikuhama. "Nimeapa, wifi. Kilichochapwa kifutwe na chapa. Uniletee karatasi yenye jina la mwanangu, nitakuja hata kwa kutambaa."

Nikarudi Nachingwea, sikupita nyumbani, nikaingia kibandani. Bwana Chapa alikuwa amezeeka. Macho yamepata ukungu, akawa anazitambua herufi kwa ncha ya kidole. Nikamweleza. Akapapasa rafu, akashusha fungu letu, akaliweka mezani kati yetu. Vumbi lilikuwa limeshika kamba.

"Toa hilo 'Wanawe', weka 'Hassani'," nikasema. "Mkia tu."

"Kamba ni moja, Mama Zuhura."

Sikumwelewa. Akanionyesha kwa kidole: kamba inazunguka jina na mkia, mzunguko mmoja. Ukiilegeza kwa ajili ya mkia, jina lote limefunguka.

"Yu hai?" akauliza.

"Nimemwacha anakunywa uji."

Akaketi kwenye kasha la wateja.

"Panga jingine jipya," nikasema. "Hili liache."

"Sina herufi. Njoo ugonge hilo sanduku, lina sauti ya debe tupu. Majina yote yamo rafuni humu, ya watu walio hai." Akapumua. "Mimi siamini mambo haya."

"Na mimi siamini."

"Basi tunaogopa nini?"

Nje wateja wangu walikuwa wanagonga vikombe wakiulizana mwenye mgahawa yuko wapi, na niliona jicho moja limewekwa kwenye ufa wa mabati. Nikafikiri kuhusu kaburi lisilo na wapwa. Nikafikiri uji ule, kama ameumaliza. "Fungua," nikasema.

"Sifungui mimi. Nilifungua la mtu wa Mandawa." Akatafuta ncha ya kamba, akaisafisha kwa kidole gumba, akaniwekea kiganjani. "Vuta wewe."

Nikavuta. Kamba ilitoka kwa urahisi, na herufi zikalegea, zikatoa kisauti kidogo.

Bwana Chapa alifanya kazi haraka kuliko nilivyowahi kumwona. BAKARI NA HASSANI, MASEREMALA. Akazungusha kamba mpya, akachapa karatasi chache, nikaondoka na moja wino haujakauka, nimeishika kwa pembe. Dereva wa lori alinipeleka Kiegei bila kuniuliza. Wifi Somoe alisomewa, akataka asomewe tena, akafunga mkaja kiunoni akasema, "Twende." Hassani naye alipelekewa habari Mtwara, akafika na lori la usiku, viatu mkononi.

Bakari aliwaona wote. Nilimwekea karatasi kifuani, akapitisha kidole juu ya jina lake, akafika kwenye K ya mpingo. "Bado imeinama," akasema. Akacheka kidogo. Hassani akamshika mkono, na mkono ule hakuuachia mpaka Ijumaa, Bakari alipokata roho wakati watu wanatoka msikitini. Hassani ndiye aliyeingia kaburini kumpokea. Wifi Somoe alilala sakafuni kwangu siku zote za matanga, na wanangu wakarudi karakanani chini ya mkono wa binamu yao, ambako wako mpaka leo.

Daktari alikuwa ameshasema. Tumbo lile halikuwa la kupona, kila mtu alilijua. Lakini jicho la kwenye ufa lilikuwa na mdomo. Nilipotoka eda na kuwasha moto wa mgahawa, chai yangu ilipoa kwenye birika. Wanawake niliocheza nao unyago walivuka barabara. Nilisikia mmoja akimwambia mwenzake, wala hakushusha sauti, "Huyu ndiye aliyemfungua mumewe."

Mara ya mwisho kumwona Bwana Chapa alikuwa anafunga mizigo. Kwake pia hapaingii mtu. Watu walikuwa wamekuja mmoja mmoja kudai mafungu yao, wakaenda kuyaficha kwenye mapaa na ndani ya mitungi, na rafu ilikuwa tupu. Mashine alikuwa amempa mtu wa chuma chakavu, ikarudi ilikotoka. Fungu la Bakari na Hassani lilikuwa limebaki peke yake mezani.

"Hili limenishinda," akasema. "Mmoja amelala, mmoja yu macho, kamba moja. Mpe Hassani." Nilimpa. Analo chini ya meza yake ya kazi, na hapo chini hataki pafagiliwe.

Kisha akatoa mfukoni fungu jingine, dogo, kamba yake mpya kabisa.

"Umeamua kujinyoa?" nikamuuliza.

"Herufi zilibaki chache, zikanitosha." Akaniwekea mkononi. Lilikuwa zito kuliko nilivyotegemea. "Nakwenda. Nikifa utasikia, habari mbaya haikosi lori. Wewe ndiye mtu pekee anayejua kamba inavutwaje."

"Kwa nini unanifanyia hivi, Bwana Chapa?"

"Kwa sababu wengine wataogopa kabla. Wewe umeshaogopa." Akanywa chai yangu ya mwisho, akakunja karatasi ya kitumbua kichwa ndani, akaenda stendi ya malori na kifurushi kimoja.

Nilipofika nyumbani nililisoma kwa kioo, maana herufi zimekaa kinyume. Ni jina zuri. Sikumwambia mtu.

Habari zake zimenifikia tangu hapo, zaidi ya mara moja. Wamesema alizikwa Tunduru. Wamesema hapana, ni Masasi, kwenye makaburi ya misheni. Mwingine ameapa kamwona Newala, kipofu, anaongozwa kwa fimbo. Kila habari ikija nashusha kopo, naketi nalo mlangoni mchana kama alivyokuwa anaketi yeye, naitafuta ncha ya kamba, naishika. Ameniomba, na ni haki yake apumzike. Mkono hauvuti. Nalirudisha kopo juu ya kabati, na jina lake limo ndani, halijafunguliwa.